Baniani na Kiatu Chake: Safari ya Gujarat

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba mataifa na makabila ili tujuane, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wasomaji, na hasa kina mama na kina dada, leo sikuleteeni darsa ya fiqhi kama ilivyo ada. Nakuleteeni habari ya safari, na ndani ya safari hiyo mna deni ninalotaka kulikiri mbele yenu.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu mkubwa kwenda mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, kwa ajili ya upasuaji wa moyo. Jamaa walichanga, msikiti ukachanga, na Mola akajaalia. Wengi wenu mnaijua njia hii. Ni nyumba chache za mwambao wetu ambazo hazijawahi kumpeleka mtu India kutafuta dawa. Siku tulipoondoka, jirani mmoja mzee alitutania mlangoni: “Haya, nendeni. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.” Sote tulicheka. Nami nilicheka.

Wodini dada yangu alilazwa ubavuni mwa mama mmoja wa Kihindu, mke wa mwalimu mstaafu. Mama yule hakujua Kiingereza, na dada yangu hakujua Kigujarati, lakini baada ya siku mbili walikuwa wakizungumza. Wenyewe waligundua kwamba “dawa” kwao ni “dava”, “dunia” ni “duniya”, na kwamba “pesa”, “gari”, “laki” na “chapati” ni maneno yaliyovuka bahari mara nyingi kuliko sisi. Mama yule alimwita dada yangu “ben”, yaani dada. Mumewe kila jioni alikuja na chombo cha chakula, akatubagulia cha mboga tupu ili tusiwe na shaka ya nyama isiyochinjwa kisheria. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Aliishi na Waislamu tangu utotoni, na alijua.

Herufi moja

Kiswahili chetu kina hekima ambayo mara nyingi hatuitambui. Tunasema “Mhindi” kwa maana ya mtu wa nchi, na “Mhindu” kwa maana ya mtu wa dini. Bohora ni Mhindi na Mwislamu, Khoja ni Mhindi na Mwislamu, Mgoa ni Mhindi na Mkristo. Kati ya maneno mawili hayo imesimama herufi moja tu, nami nathubutu kusema kwamba siasa za India za miaka mia iliyopita ni mvutano juu ya herufi hiyo.

Asili ya neno lenyewe ni mto. Wenyeji waliuita Sindhu, Waajemi wakatamka Hindu, na Waarabu wakaiita nchi yote Hind. Kwa hivyo jina lilianza kwa majirani waliotazama kutoka nje, nalo lilihusu ardhi kabla halijahusu ibada. Watu wa nchi ile waliabudu kwa njia nyingi mno, na kila mmoja alijijua kwa kabila lake, tabaka lake, kijiji chake na mungu aliyemwabudu.

Mwaka 1923 mtu mmoja aitwaye Vinayak Damodar Savarkar alitoa kitabu kidogo juu ya swali hili: Mhindu ni nani? Jawabu lake lilikuwa kwamba Mhindu ni yule ambaye India kwake ni nchi ya mababu na pia ni nchi takatifu. Lisikilizeni vizuri jawabu hilo. Mwislamu wa India hana tatizo na sharti la kwanza, kwani mababu zake wamezikwa pale. Lakini sharti la pili linamtoa, kwa sababu kibla chake kiko Makka. Mkristo naye anatolewa vivyo hivyo. Savarkar mwenyewe hakuwa mtu wa ibada. Alilotafuta ni taifa, wala si sala. Mwaka 1925 ikaanzishwa mjini Nagpur jumuiya ya RSS, inayowalea vijana kwa mazoezi na nidhamu juu ya fikra ya taifa la Kihindu, na kutoka katika ukoo huo wa fikra kikazaliwa chama cha BJP mwaka 1980, ambacho kinaiongoza India tangu mwaka 2014.

Mbele ya fikra hiyo walisimama wengine. Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar katika Gujarat hiyo hiyo, aliishi kando ya mto Sabarmati mjini Ahmedabad kuanzia mwaka 1917 hadi alipotoka kwa miguu mwaka 1930 kwenda kuivunja sheria ya chumvi ya Waingereza. Nilikwenda kupaona. Ni nyumba za kawaida chini ya miti, na mto mbele yake. Gandhi alikuwa Mhindu mwenye kushika dini yake, na aliyemuua tarehe 30 Januari 1948, Nathuram Godse, alikuwa Mhindu pia, aliyemchukia kwa kuona anawapendelea Waislamu. Upande wetu alikuwako Maulana Abul Kalam Azad, aliyezaliwa Makka mwaka 1888, mwanachuoni wa tafsiri ya Qur'ani, aliyepinga nchi isigawanywe mwaka 1947 na baadaye akawa waziri wa kwanza wa elimu wa India huru. Kwa hiyo anayesema “Wahindu wanataka hivi” au “Waislamu wa India wanataka vile” amesema neno jepesi kuliko ukweli.

“Mahmud wenu”

Jioni moja, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, yule mwalimu mstaafu aliniuliza kama nitapata nafasi ya kuzuru popote kabla ya kurudi. Nikamwambia natamani kwenda Somnath, kuona ule mji wa pwani uliotajwa katika tarikh zetu. Uso wake ulibadilika kidogo.

“Somnath,” akasema. “Mahmud wenu alilibomoa hekalu letu.”

Alimkusudia Sultan Mahmud wa Ghazna, aliyelivamia hekalu la Somnath katika majira ya baridi ya mwaka 1025 na 1026. Miaka elfu moja imepita. Nami, mtu wa mwambao wa Kenya, mjukuu wa wavuvi, nikajikuta nimekabidhiwa Mahmud kama mtu anayekabidhiwa mzigo wa mwenziwe bandarini.

“Mahmud si wangu, Mwalimu,” nikamwambia. “Babu zangu walikuwa wakitega samaki.”

“Na mimi sijawahi kufika Ayodhya,” akajibu.

Tukanyamaza. Sote wawili tulijua alichokusudia. Msikiti wa Babri ulijengwa Ayodhya yapata mwaka 1528. Wahindu wengi wanaamini kwamba pale ndipo alipozaliwa Rama, ambaye kwao ni mungu. Usiku mmoja wa Desemba 1949 sanamu ziliwekwa ndani, na msikiti ukafungwa. Mnamo Septemba 1990 kiongozi wa BJP, L. K. Advani, alianza msafara wa kudai hekalu pale, na mahali alipochagua kuanzia ni Somnath, ili kisa cha Mahmud kiwe mafuta ya moto mpya. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliupanda msikiti na kuubomoa hadi chini, na katika fujo zilizofuata India nzima watu wengi waliuawa, wengi wao wakiwa Waislamu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Juu ilisema kwamba ubomoaji ule ulikuwa uvunjaji wa sheria, kisha ikatoa ardhi ile lijengwe hekalu, na Waislamu wapewe ekari 5 mahali pengine. Hekalu lilifunguliwa tarehe 22 Januari 2024, Waziri Mkuu Narendra Modi akiwa mbele.

“Lakini siku hiyo ya kufunguliwa,” nikamuuliza, “ulifurahi?”

Hakunidanganya. “Nilifurahi. Nililia kwa furaha. Mama yangu alikufa akingoja.”

Kisha akaniuliza yeye: “Nanyi katika madrasa zenu, mlipofundishwa habari za Mahmud, mlifurahi?”

Ningeweza kumjibu kwa hoja. Lakini mbele ya mtu aliyesema kweli, uongo ni mzito. Nikakumbuka jamvi la madrasa, nami mtoto wa miaka kumi na mbili, na kisa cha mvunja masanamu kikisimuliwa, nasi tukipiga takbiri. Nikasema: “Tulifurahi.”

Hapo nikaikumbuka kauli ya mwanachuoni wetu mwenyewe. Abu Rayhan al-Biruni aliishi zama za Mahmud na chini ya utawala wake. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wasomi wa Kihindu, na yapata mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya India, akieleza imani zao jinsi wanavyozieleza wenyewe kabla ya kusema lolote. Humo aliandika bila kuficha kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile na kupanda nyoyoni mwa watu wake chuki kali dhidi ya Waislamu. Mwislamu mwenye elimu alikwisha kuyasema hayo, kwa Kiarabu, tangu karne ile. Sisi tulipokea takbiri, tukaacha kitabu.

Jiwe la nahodha

Dada yangu alipoanza kupata nguvu, alinilazimisha niende. Nikapanda treni ya usiku hadi Veraval. Asubuhi nikaiona bahari, nayo ni Bahari ya Hindi hii hii, ila jua linazama majini badala ya kuchomoza. Bandari ya Veraval imejaa mashua za wavuvi, na ufukweni mafundi wanaunda vyombo vya mbao. Harufu ya shahamu na magogo mabichi ilinirudisha Lamu mara moja.

Hekalu la Somnath la leo si la kale. Lilijengwa upya baada ya uhuru, na mwaka 1951 Rais Rajendra Prasad alikwenda kulifungua, ingawa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru hakupendezwa kuona mkuu wa nchi isiyo na dini rasmi akifanya hivyo. Nilisimama nje, upande wa bahari, nikawatazama wazuru na watoto wao. Walikuwa na uchovu na furaha ileile ninayoiona kwa mahujaji wetu.

Lakini si hekalu lililonipeleka. Nilikuwa nimesoma katika kitabu cha Romila Thapar, mwanahistoria wa India, habari ya jiwe lililochongwa maandishi mwaka 1264, sawa na mwaka 662 wa Hijria, likiwa na nakala ya Kisanskriti na nyingine ya Kiarabu. Linasimulia kwamba nahodha mmoja wa Kiislamu kutoka Hormuz, Nuruddin Firuz, alipata ardhi karibu na mji wa Somnath akajenga msikiti. Neno lililoandikwa ni “nakhuda”, ndiyo nahodha wetu. Ardhi ile aliipata kwa msaada wa mkubwa mmoja wa Kihindu na kwa idhini ya baraza la mji lililoongozwa na kuhani. Mji ule ule wa hekalu, miaka 238 tu baada ya Mahmud!

Msikiti ule uliwekewa wakfu: mapato ya mafuta ya taa, maji, na mwenye kusomesha, na kitakachozidi kipelekwe Makka na Madina. Waliokabidhiwa kuusimamia ni jamaa za Waislamu wa pale: manahodha, wakamuaji mafuta, mafundi wa chokaa. Jiwe linawaita “jamatha”. Na maandishi ya Kisanskriti, yakimtaja Mola anayeabudiwa msikitini, hutumia jina la Kihindu lenye maana ya Bwana wa ulimwengu.

Sitaki kukupakieni sukari, ndugu zangu. Nakala ya Kiarabu ina dua kwamba Somnath uwe mji wa Uislamu na masanamu yatoweke. Kila upande uliandika kwa lugha yake na ukaomba la moyo wake. Hawakuwa watu waliochanganya dini. Walikuwa majirani waliokubaliana kwamba chombo kitie nanga, mzigo upakuliwe, na mwenye kusali asali. Waliyajua ya Mahmud kuliko sisi, maana yalikuwa karibu nao. Hata hivyo, hawakumkabidhi Nuruddin deni lake.

Wala sitaki mdhani kwamba hali ya ndugu zetu wa India ni nyepesi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2011 wao ni zaidi ya milioni 170, kama 14 katika kila 100. Katika Gujarat hiyo hiyo, mwaka 2002, treni iliungua Godhra na watu 59 wakafa, wengi wao Wahindu waliotoka Ayodhya. Kisha katika mauaji yaliyofuata zaidi ya watu 1,000 wakauawa, wengi wao Waislamu. Ahmedabad iko mitaa ambayo Waislamu wamejikusanya kwa sababu hawapati kupanga nyumba kwingine. Na karibu na Somnath yenyewe, mnamo Septemba 2024, serikali ya jimbo ilibomoa majengo, yakiwemo ya ibada na maziara ya Waislamu, ikisema yamesimama juu ya ardhi ya serikali. Hayo ni dhulma na machungu, na kuyasema ni wajibu. Lakini kuyasema ni jambo moja, na kumtwisha asiyeyatenda ni jambo jingine.

Deni

Nilirudi Ahmedabad nikamsimulia dada yangu habari ya nahodha na jiwe. Alisikiliza macho yameelekea dirishani. Kisha akasema: “Unamkumbuka Baniani wetu?”

Nikanyamaza.

“Usiku aliokufa baba,” akaendelea, “saa nane, nani aliyefungua duka? Bafta ya sanda ilitoka kwake. Hakuuliza pesa mpaka matanga yakaanuliwa. Na wewe ndugu yangu ndiye uliyetukataza kununua kwake.”

Hili ndilo deni. Mnamo Desemba 1992 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimetoka madrasa karibuni, na sauti yangu ilipendwa. Siku ya tatu baada ya redio kutangaza habari za Ayodhya, nilisimama baada ya sala ya Isha nikasema kwamba anayenunua kwa Baniani wa mtaa wetu amenunua tofali la hekalu. Baniani yule alikuwa na duka la leso, nyuzi na bizari. Alikuwa na daftari refu jekundu ambamo nusu ya majina ya mtaa yalikuwamo, na wajane wa eda aliwapelekea mahitaji mlangoni kwa mkono wa mtoto ili wasitoke. Babu yake alizaliwa hapa hapa. Ayodhya pengine hakuwahi kuiona hata kwa picha.

Watu walinitii. Wiki ile watoto wakampaka mlango lami. Najua ni watoto gani, kwa kuwa nilikuwa nikiwasomesha. Kabla ya mwaka kwisha alifunga duka akahama, na wako waliofurahi kwamba daftari jekundu limeondoka na madeni yao. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza. Nilikuwa nimemkabidhi Ayodhya, kama nilivyokabidhiwa Mahmud kwenye lile benchi la hospitali.

Mwenyezi Mungu anatuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitupotoshe tukaacha uadilifu, kwani uadilifu ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Aya hiyo nilikuwa nimeihifadhi tangu utotoni. Nilikuwa nayo kifuani siku ile niliposimama kusema niliyoyasema.

Siku ya kutoka hospitali, mama wa Kihindu alimshika dada yangu mikono yote miwili, wakalia. Mumewe alinipa mkono. Hakubadilisha fikra zake juu ya Ayodhya, wala mimi sikubadilisha zangu. Kwangu mimi msikiti ule ulibomolewa kwa dhulma. Lakini alisema: “Ukirudi kwenu, sema ulikutana na Mhindu mmoja.” Nimesema.

Niliporudi nilikwenda kulitafuta duka. Siku hizi ni mahali pa kutengeneza simu. Kijana aliyepo hamjui Baniani. Nimeuliza hekaluni, nimeuliza kwa wafanyabiashara wa zamani. Mmoja anasema alihamia Nairobi, mwingine anasema alivuka bahari. Kama yu hai, ni mzee sana.

Ndiyo maana naandika hapa. Haki ya binadamu, kama mnavyojua, toba peke yake haiifuti mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Kina mama mliokuwa wasichana usiku ule nyuma ya pazia la msikiti, mlionisikia na mkanitii: niliyoyasema yalikuwa makosa, nami ndiye mwenye kubeba kwanza. Kama yuko anayejua alipo mzee yule au wanawe, aniletee habari kupitia ofisi ya jarida hili. Na kama kuna nyumba ambayo jina lake lilibaki katika daftari jekundu, deni hilo halikufa kwa sababu duka lilifungwa.

Dada yangu, alhamdulillahi, anatembea, anapika, na anagombana na wajukuu. Yule jirani yetu mzee alipokuja kumpa pole alirudia mzaha wake wa kiatu cha Baniani. Safari hii dada yangu hakucheka. Alimwambia: “Mzee wangu, kiatu tumekivaa miaka yote. Mwenye kiatu tulimfanya nini?”

Mwenyezi Mungu awape nusura ndugu zetu wanaodhulumiwa popote walipo, na atukinge nasi tusiwe madhalimu. Amin.